Hakuna sangara wa namna hiyo: makosa ya modulasi kwa wanaojiandaa na SAT

Wiki hii tena. Binti anajiandaa na SAT, ule mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kichwa kizuri tu, kanipa karatasi yake, swali la modulasi (ile mistari miwili ya wima) |x − 3| > 5 kalimaliza hivi: −5 > x − 3 > 5, chini yake −2 > x > 8, kapigia na mstari mara mbili. Namuuliza nani kakufundisha, ananiambia "ticha si ndo fomula, modulasi unaibana katikati". Hiyo sentensi nimeisikia hapa Mwanza, Nyegezi na Buzuruga, nimeisikia kwa vijana wa Form Six wenye A zao, na kwakweli nimechoka nayo.

Hebu isome kama ulivyoiandika. −5 > x − 3 > 5 maana yake −5 ni kubwa kuliko 5. Basi, imeshakufa hapo, hata x hujaigusa bado.

Chukua ile kanuni iliyokuwepo Ziwa Victoria, kwamba sangara anayeruhusiwa kuvuliwa awe na urefu wa sentimita 50 hadi 85, aliyekulia jirani na mwalo wa Kirumba aliisikia toka utotoni. Katikati ya 50 na 85 ni 67.5, na kutoka hapo katikati mpaka kila mwisho ni 17.5. Kwaiyo samaki wa halali, urefu wake tuuite L, ni |L − 67.5| ≤ 17.5, na hapa kubana ni sahihi kabisa kwasababu samaki huyohuyo mmoja anatakiwa afike 50 na asizidi 85, vyote viwili kwa pamoja. Samaki haramu ndo |L − 67.5| > 17.5, huyu ama ni mfupi, L < 50, au ni mrefu, L > 85. Sasa ukimbana katikati unaniambia kuna sangara mmoja mwenye urefu chini ya 50 na huyohuyo kazidi 85. Niletee nimuone! Hayupo, na ndo maana jibu la "kubwa kuliko" ni vipande viwili vyenye neno AU katikati, usiliache hilo neno na usiliweke "na".

Shida inaanzia Form One, mtoto anafundishwa modulasi ni kufuta alama ya kutoa, anaondoka na hiyo mpaka chuo. Modulasi ni umbali jamani. |x − 3| ni umbali kutoka 3 mpaka x, full stop. Mi vijana wangu siwaruhusu kugusa aljebra kabla hawajachora mstari wa namba: weka alama kwenye 3, tembea 5 kushoto unafika −2, tembea 5 kulia unafika 8, swali likisema umbali uwe mdogo kuliko 5 unabaki ndani, likisema mkubwa unatoka nje, x < −2 au x > 8, umemaliza. Ukikutana na |x + 3| basi katikati ni −3, sio 3, angalia hapo wengi wanateleza. Na usiniambie muda hautoshi, hesabu za SAT ni sehemu mbili, kila moja maswali 22 kwa dakika 35, una kama dakika moja na nusu kwa swali na huo mchoro ni sekunde kumi.

Makosa mengine nayapitia haraka.

Eti alama ya kubwa au ndogo kuliko inageuka kila ukiona modulasi. Hapana, inageuka ukizidisha au kugawanya kwa namba hasi tu. Kama |5 − 2x| ≤ 9 inakutia hofu igeuze iwe |2x − 5| ≤ 9, ni umbali uleule, unapata −2 ≤ x ≤ 7 bila kugeuza chochote.

Eti unafungua modulasi popote ilipo. Ukiona 3|x − 4| + 2 < 14, toa 2 kwanza, gawanya kwa 3, ibaki |x − 4| < 4, jibu 0 < x < 8. Ukifungua mapema utaingiza namba kama −1, na ukiirudisha kwenye swali inatoa 17, ambayo sio ndogo kuliko 14.

Alafu |2x + 1| < −4, watu wanajaza nusu ukurasa. Umbali hauwi hasi, hakuna jibu, songa mbele. Ila ikiwa > −4 namba zote ni jibu, tofautisha.

La mwisho ni hili la "Desmos ipo ndani ya mtihani, itachora", yaani kile kikokotoo cha kuchora grafu. Ipo kweli, na itumie kuhakiki. Ila swali likija kwa maneno, kazi ya kuunda inekwaliti ni yako. Nimeshaona kijana anaandika samaki wa 50 hadi 85 kama |L − 50| ≤ 85, na Desmos ikamchorea vizuri kabisa bila kulalamika, kutoka −35 mpaka 135. Namba ya kutoa ndani ya modulasi ni ya katikati, namba ya upande wa pili ni nusu ya upana, andika hizo mbili pembeni kabla hujafungua kikokotoo, la sivyo unamuuzia mtu sangara wa sentimita hasi 35.