Anaposema "Nina Mawazo"

Mafunzo ya usikilizaji huwa nayaanza na zoezi moja. Washiriki hukaa wawili wawili; mmoja anasimulia jambo linalomsumbua, mwenzake anasikiliza kwa dakika 3 bila kusema neno. Dakika ya kwanza haijaisha, nishasikia: "Pole, lakini si ungemwambia tu…" Wahudumu wa afya ngazi ya jamii, walimu, mashehe, wachungaji, wote wananasa hapo hapo.

Kwetu ni nadra mtu kusema "nina sonona," yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu. Atasema "nina mawazo," "moyo mzito," "usingizi siupati." Nasi tunamjibu "usiwaze sana," "jikaze," "shukuru Mungu, wapo wenye shida kuliko wewe." Tunayasema kwa upendo, najua. Ila mwenzetu alikuwa anabisha hodi, nasi tumemjibu bila kufungua mlango.

Washona wa Zimbabwe wana neno lao, kufungisisa: kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 wa Mbare, Harare. Walifunzwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi, kumsikiliza, kisha kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo. Mgonjwa ndiye anayechagua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha watu 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi 6 waliopitia benchi walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Basi ukiambiwa "nina mawazo," uliza, "Mawazo gani?" Halafu nyamaza. Akilia, mwache alie. Usikimbilie kumfuta machozi. Akimaliza, rudia kwa maneno yako ulichosikia, akusahihishe.

Swali ambalo washiriki wangu huliogopa kuliko yote ni hili: "Umewahi kufikiria kujiua?" Wanahofu watampandikizia wazo. Sivyo. Kuulizwa kwa upole hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hupata ahueni kwamba hatimaye kuna aliyethubutu kuuliza. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake. Ondoa sumu, dawa za shambani na vidonge vilivyo karibu, kisha mpeleke wewe mwenyewe kituo cha afya. Usimwelekeze tu njia.

Siri yake itunze. Lakini usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote. Mweleze mapema, kabla hajaanza kusimulia, kuwa uhai wake ukiwa hatarini utaita msaada.