Hii kanbani ni kitu gani, na yamsaidia vipi mtu wa Lamu anayekwenda Ulaya

Nlipomwambia mamangu safari yetu ya Italia nimeipanga kwa kadi, swali lake la kwanza lilikuwa "kadi za harusi ya nani tena?" Sikumlaumu, kwetu Lamu ukisema kadi mtu afikiria mwaliko na pilau. Lakini kadi ninazosema mimi ni zile za ndani ya simu, kila moja imeandikwa jambo moja tu, na ubao unaozibeba ndo watu wauita kanbani.

Neno lenyewe ni la Kijapani, maana yake kibao, kama kile cha juu ya mlango wa duka. Hii maana ya kazi ilitoka kwenye viwanda vya Toyota baada ya vita vya pili vya dunia. Kulikuwa na injinia akiitwa Taiichi Ohno, alivutiwa na vile supamaketi za Marekani zinavyojaza rafu, kwamba kitu chaletwa pale tu kilichokuwepo kimechukuliwa, akaona basi na kiwandani yawezekana, kwa nini watu watengeneze vyuma virundikane bure. Wakawa wanafunga kadi kwenye sanduku la vipuri, vipuri vikitumika kadi yarudi nyuma kuagiza vingine. Miaka mingi baadaye watu wa programu za kompyuta wakaichukua hiyo fikra, na 2011 ikaja apu ya Trello, ambayo kampuni ya Atlassian waliinunua 2017 kwa dola milioni 425. Siku hizi apu za aina hiyo ni nyingi, mimi natumia Trello kwa vile ndo niliyoizoea na ile ya bure yanitosha.

Sasa yafanyaje kazi? Ushasimama jeti, pale boti zinapofunga, ukatazama mizigo ikipakiwa? Kuna iliyo chini bado, kuna iliyo ndani ya boti, na kuna ishashushwa ng'ambo, huna haja ya kumuuliza mtu, watupa jicho tu wajua kazi imefika wapi. Kanbani ni vivyo hivyo: safu ya "bado", safu ya "nafanya", safu ya "tayari", na kadi waiburuta kwa kidole kutoka safu moja mpaka nyingine. Hapo ndo inapoachana na orodha ya daftarini. Orodha yakwambia kitu kimefanywa au hakijafanywa, haikwambii kimekwama kwa nani.

Na safari ya nje, wallahi, kazi kubwa ni kukwama kwa watu. Kwa hivyo niliongeza safu ya nne nikaiita "nangojea", na ndani yake nikaweka barua ya mwaliko ya dadangu aliye Bologna, kule Italia, na karatasi za benki, na pasipoti mpya ya mamangu. Ukinambia nikupunguzie safu moja nitatoa zote kabla ya hiyo. Kila asubuhi nikifungua simu naangalia hapo kwanza, nani nimpigie leo.

Pasipoti ya mamangu ndo iliyonifundisha kwamba kadi zina foleni. Viza ya Schengen, ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya na Italia imo, wataka pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10, ibaki na uhai wa angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka kule, na kurasa 2 tupu, na ya mamangu ilikuwa yakaribia kufa. Sasa bila pasipoti huna fomu ya viza, na fomu nayo yataka bima ya matibabu ya safarini yenye kinga ya kuanzia euro 30,000, na maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi 6 kabla ya safari wala yasichelewe chini ya siku 15, majibu nayo kwa kawaida ni siku 15 lakini yaweza kuvutwa mpaka 45. Kichwani huwezi kubeba hayo yote. Kwenye kadi waandika tarehe ya mwisho, na simu yakukumbusha. Kadi ya kulipia tiketi niliiacha kwenye "bado" wiki na wiki, binamu yangu akinikera "tiketi zapanda bei, lipa!", nkamwambia kadi ya viza haijasogea basi na hii haisogei, nafasi ya ndege tumeishikisha yatosha.

Kitu chengine ambacho wengi hukiruka, ile safu ya "nafanya" usiijaze. Mimi kadi tatu mwisho. Zikizidi, hufanyi chochote, wajizungusha tu.

Halafu kuna hili la saa, na hapa Waswahili tuna shida yetu wenyewe. Miadi yetu ya viza ilikuwa saa tatu asubuhi, mimi kwa haraka nikaandika 3:00 kwenye kadi. Simu ikalia saa tisa za usiku, nyumba nzima ikaamka, mamangu akaanza kusoma inna lillahi akidhani kuna msiba. Tangu siku hiyo tarakimu naziandika vile vile zilivyo kwenye karatasi, na pembeni naandika saa yetu kwa maneno. Na ndege ikiwa ya Ijumaa 00:20 ndo balaa zaidi, kijana atakwenda eapoti Ijumaa usiku akute ndege ishaondoka usiku uliopita. Mamangu hakubabaika hata kidogo, kwake yeye usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi jua likishatua, kwa hivyo alikuwa sawa kuliko sisi wenye simu. Kwenye kadi nikaandika "Alhamisi, usiku wa kuamkia Ijumaa".

Ujue pia Italia wako nyuma yetu saa moja wakati wa joto na saa mbili wakati wa baridi, na simu ikishika saa ya kule, saa ya ukumbusho kwenye kadi nayo yahama. Treni uliyoiweka 10:00 ukiwa Lamu waweza kuiona imekuwa 09:00 ukiwa Bologna. Saa ya treni iandike kwenye jina la kadi kabisa, maandishi hayahami.

Picha za pasipoti nimeziweka humo lakini angalia ubao wako uwe wa faragha, maana waweza kuwekwa wazi kwa dunia nzima kwa kubonyeza mara chache tu. Nimewaalika dadangu na binamu, basi, hata mtu wa tiketi namtumia skrinshoti ya kadi moja.

Sasa ziko apu zasoma barua pepe zako zikakupangia ratiba zenyewe, ndege hii, hoteli ile. Nilijaribu moja. Ikaanza safari yangu uwanja wa ndege, kama kwamba nalala pale. Uwanja wetu uko Manda, ng'ambo ya maji, na kuna mama wa miaka sabini na masanduku mawili wa kushushwa ngazi za jeti maji yakiwa yametoka. Kadi ya boti nimeiandika mwenyewe, iko juu kabisa, na namba ya nahodha imo ndani.