Je, wajua? Mashambulizi ya “Pwani ya Magharibi” yalizaliwa mbali na bahari

Ukifuatilia futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili, hupiti msimu bila kusikia watangazaji wakitaja “mashambulizi ya Pwani ya Magharibi”. Ni mfumo wa pasi fupi fupi uliompa kocha Bill Walsh mataji matatu ya Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akiwa na timu ya San Francisco 49ers. Kwa miaka mingi niliamini jina hilo linajieleza lenyewe: San Francisco iko California, California iko pwani ya magharibi, basi mfumo ulibuniwa huko, tena kwa ajili ya Joe Montana, mrushaji wa pasi (quarterback) aliyeung’arisha.

Sivyo hata kidogo. Ulizaliwa Cincinnati, jimbo la Ohio, mji wa kando ya mto ulio zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Pasifiki. Montana alikuwa bado mtoto. Na kilichouzaa ni bega la mtu mmoja.

Mwaka 1968 Walsh, mzaliwa wa Los Angeles, alikwenda Cincinnati kuwa msaidizi wa Paul Brown, mwanzilishi wa timu mpya ya Bengals. Msimu wa 1969 wakampata kijana Greg Cook, mwenye mkono wa kuutupa mpira mbali sana, na Walsh akayapanga mashambulizi yamfuate yeye: mipira mirefu, wapokeaji watimue mbio. Mapema msimu huohuo Cook akaumia bega wakicheza na Kansas City Chiefs. Aliendelea kurusha na maumivu yake na bado akafanya maajabu, lakini bega halikupona. Kipaji kikubwa namna ile kikaishia hapo, na hadi leo inauma kukisoma kisa chake.

Mwaka 1970 nafasi yake ikachukuliwa na Virgil Carter. Huyu alikuwa mwepesi wa akili na miguu, mwenye shabaha, ila mkono wake haukuwa na nguvu za kuupeleka mpira mbali. Walsh hakumlazimisha awe Cook. Akakaa chini kuangalia nini kinawezekana kwa mkono ule.

Katika mchezo huu timu hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, karibu mita 9. Yadi 10 tu. Na uwanja una upana wa karibu mita 49, ambao mipira mirefu ya mbele haikuutumia sana. Walsh akaona upana ule ni mali iliyolala. Mvuvi anajua kwamba wavu ukivutwa kwa urefu, matundu hujifunga. Ukivutwa kwa upana, hufunguka. Ndivyo alivyowafanyia mabeki: akawatawanya wapokeaji kutoka ukingo hadi ukingo, na mianya ikajitokeza karibu, mahali ambapo hata Carter angefika.

Lakini mwanya hudumu kitambo kidogo sana, na hapa ndipo penye utamu wenyewe. Umewahi kutazama matofali yakipandishwa ghorofani kwa kurushwa? Aliye chini hamsubiri mwenzake ageuke. Anajua yule ameliweka la kwanza, ameinama, sasa anainuka. Tofali linatoka mkononi kabla mikono ya juu haijafunguka. Wote wawili wanahesabu mapigo yaleyale. Walsh alifunga pasi kwenye miguu ya mrushaji kwa namna hiyo. Hatua tatu nyuma, au tano. Mguu wa mwisho ukishakita, mpira unaondoka kwenda mahali palipokubaliwa, ingawa mpokeaji bado amempa mgongo mrushaji. Anapogeuka, anaukuta. Na kwa kuwa anaudaka akiwa kwenye mwendo, pasi ya yadi tano huweza kuzaa ishirini.

Msimu ule wa 1970 Bengals walishinda mechi moja tu kati ya saba za kwanza, kisha wakashinda zote saba zilizobaki. Mwaka uliofuata Carter aliongoza ligi kwa usahihi wa pasi, asilimia 62.2.

Ni haki kusema California ina mchango wake. Mawazo ya kupima muda na nafasi Walsh aliyachota pia kwa Sid Gillman, aliyewahi kufundisha timu ya San Diego, kupitia msimu mmoja ambao Walsh alifanya kazi na Oakland Raiders, timu nyingine ya California, mwaka 1966. Kuhusu jina, simulizi ni mbili. Moja inampa Bill Parcells, kocha wa New York Giants, kwamba alilitamka kwa kebehi baada ya kuwafunga 49ers mwaka 1985. Nyingine, inayorudiwa zaidi, inasema mrushaji Bernie Kosar alilitumia mwaka 1993 akimaanisha mipira mirefu ya Don Coryell wa San Diego, na mwandishi wa habari akalibandika kwa Walsh.

Brown alipostaafu mwanzoni mwa 1976, kazi alimwachia Bill Johnson badala ya Walsh. Walsh akaondoka, na 1979 akakabidhiwa 49ers. Januari 1982 walicheza Super Bowl yao ya kwanza, wakaibuka washindi 26 kwa 21. Wapinzani wao walikuwa Cincinnati Bengals, na aliyewarushia Bengals ni Ken Anderson, mwanafunzi wa Walsh tangu 1971. Siku hiyo Anderson alikamilisha pasi 25 kati ya 34. Montana alikamilisha 14.