Wa kiti cha mwisho hana kosa

Minada ya korosho ikishaanza huku kwetu, mwezi wa kumi hivi, simu yangu hupata maswali ya aina mbili. La kwanza ni bei ya kubangua kwa kilo, maana ndiyo kazi yangu siku hizi hapa Chuno, Mtwara mjini. La pili hutoka kwa vijana wanaojua nilikotoka: "Mama mdogo, nipo Dar, nimekaa meza ya blackjack, kuna mzee ananitukana. Nifanyeje?"

Nimegawa karata miaka kumi na moja kwenye kasino za Dar es Salaam. Tulijiita madila. Miaka mitatu ya mwisho niligeuka msimamizi, nikawa nasimama nyuma ya wagawaji na kuangalia meza nne kwa mpigo. Nimeitwa dada mwenye mkono mzito, nimeitwa mchawi, na kuna bwana mmoja alikuwa akiniona naingia zamu tu anainuka kwenda kuvuta sigara mpaka nitoke. Sikuwahi kumlaumu. Nilimlaumu mtu aliyemgeukia mwenzake aliyekaa pembeni.

Kwa asiyeujua mchezo: kila mchezaji anapambana na dila peke yake, hapambani na jirani. Karata za picha ni kumi, ree ni moja au kumi na moja, na unatafuta kuikaribia 21 kuliko dila bila kuivuka. Dila hana hiari. Sheria inamlazimisha aongeze karata mpaka afike 17, halafu asimame. Kwenye meza nilizogawa, dila hujipa karata moja ya wazi, kisha anasubiri wote wamalize ndipo ajichukulie nyingine. Maana yake, aliyekaa kiti cha mwisho akiomba karata, ameichukua ile ambayo ingekwenda kwa dila. Ugomvi wote unazaliwa hapo.

Nikupe mmoja nilioushika kwa mikono yangu. Usiku wa Jumamosi, meza imejaa. Kiti cha kwanza kuna mzee wa kusini, nilimjua kwa lafudhi tu, ana 19 na dau la laki mbili. Katikati kuna mama ana 18. Kiti cha mwisho kuna kijana, shati la kupiga pasi, ana 12. Mimi nina 3. Kijana akagonga meza kwa kidole, yaani anataka karata. Nikampa kumi. 22, ameungua. Nikajichukulia: 9, nina 12. Nikachukua tena: 8. Ishirini. Nikakusanya chipu, vile vidonge vinavyowekwa badala ya pesa, za meza nzima.

Mzee akahesabu kwa sauti, na alihesabu sawasawa. Kijana angetulia, ile kumi ingekuja kwangu niwe na 13, na ile 9 ingenivusha hadi 22. Meza yote ingelipwa. "Huyu mtoto katuchomea pesa!" akapiga meza mpaka glasi ya mama ikacheza. Kijana naye akajibu, na huko kujibu ndiko kulikomponza. Walipofika mahali pa kushikana mashati, msimamizi wangu aliwatoa wote wawili, mwenye kosa na asiye nalo.

Sasa, dila haruhusiwi kufundisha katikati ya mchezo, kwa hiyo nilinyamaza. Nilichokuwa nataka kusema usiku ule nimekuja kukisema barazani kwangu, miaka imepita, kwa mtoto wa dada yangu aliyetoka Tandahimba. Alikuwa ametukanwa vivyo hivyo na akaamini kweli ana nuksi. Barazani kwangu pesa hairuhusiwi. Tunachezea korosho, na aliyeshinda anakula.

Nilichomoa karata tatu tu: kumi, 9 na 8. Zilezile za usiku ule. Nikamwambia, hizi tatu zinaweza kukaa ndani ya kasha la kutolea karata kwa mpangilio wa aina sita, na hakuna mtu hapa duniani aliyejua usiku ule ni upi. Tuicheze yote sita, mara moja kijana akitulia na 12 yake, mara moja akiomba.

Kumi, 9, 8 tumeshaiona: akitulia dila anaungua, akiomba dila anafika 20. Kaharibu. Tukageuza, 9, kumi, 8. Akitulia, mimi mwenye 3 nachukua 9 na kumi, naungua. Akiomba anachukua ile 9 na kupata 21 yake, mimi nabaki na kumi na 8, nafika 21. Kaharibu tena. Mtoto akaanza kununa. Tukaweka 8, kumi, 9. Akitulia, napata 11, halafu 21, meza nzima imelala. Akiomba anachukua 8 na kuwa na 20, mimi nachukua kumi na 9, naungua! Kaokoa. Na 8, 9, kumi ni hivyo hivyo: akitulia nina 20, akiomba naungua. Mipangilio miwili iliyobaki, dila anapona kijana afanye asifanye.

Aharibu mara mbili, aokoe mara mbili, mara mbili asibadilishe kitu. Dila anaungua mara mbili katika sita, kijana akitulia au asitulie. Chukua kasha zima la pakiti sita, karata 312, jibu halibadiliki. Karata inayofuata imefichwa, na kuondolewa kwake kunakusaidia sawasawa na kunavyokuumiza. Aliyekaa pembeni yako awe fundi au awe kalewa, wastani wako hausogei.

Sema kuna jambo moja. Zile mara mbili alizookoa, umewahi kumsikia mtu akisimama mezani na kusema "asante kijana, umetulipa"? Miaka kumi na moja, sijawahi. Aliyeokolewa anachukua chipu zake na kudhani ni haki yake. Kwa hiyo kumbukumbu ya meza hujaa mabaya matupu, na mwenye kiti cha mwisho hugeuka mkosi bila kujua.

Na yule kijana wala hakukosea. Ukiwa na 12 na dila ana 3, kuomba karata ndiyo hesabu nzuri, ingawa kwa tofauti ndogo. Hesabu hiyo ni ya zamani. Mwaka 1956 Wamarekani wanne, Baldwin, Cantey, Maisel na McDermott, waliokutana jeshini, walichapisha namna bora ya kucheza kila mkono, na walikuwa wameipiga kwa mashine za kuhesabia za mezani, kompyuta hakuna. Watu wanaorushiana maneno juu ya 16 dhidi ya kumi ya dila hunichekesha zaidi. Uombe, utulie, kwa wastani unapoteza zaidi ya nusu ya dau lako, na tofauti kati ya njia hizo mbili ni kama hakuna. Wanagombania fito za nyumba iliyokwisha ungua.

Nimejiuliza sana kwa nini watu wetu, hasa wa huku kusini, hawalikubali hili kirahisi. Si ujinga. Mkulima wa korosho anajua kabisa kwamba jirani humharibia mtu. Ubwiri unga hauulizi mpaka wa shamba. Wewe upulizie salfa kwa wakati, jirani aache mikorosho yake, ugonjwa unatoka kwake unakuja kwako. Nenda Mikindani kwenye bao, mtazamaji akimnong'oneza mmoja, mchezo umeharibika kweli, kwa sababu bao halina bahati ndani yake, kila kete iko wazi. Hata "last card" ya vijiweni, anachotupa jirani ndicho unachokipokea wewe. Maisha yote mtu amefundishwa kwamba mkono wa jirani unamfikia. Halafu anakaa kwenye mchezo ambao haumfikii, na hakuna aliyemwambia.

Kwa hiyo kumweleza mzee hesabu pale mezani, laki mbili yake ikiwa ndiyo imeondoka, ni kupoteza pumzi. Usieleze. Usimwambie amekosea hata kama una karata tatu mfukoni za kumwonyesha. Sema "pole, mzee", kisha nyamaza. Neno pole ni mali yetu na watu hawalitumii inavyopaswa. Unampa pole aliyefiwa na hukuua wewe, unampa pole aliyejikwaa na jiwe hukuliweka wewe. Kumpa pole aliyeliwa si kukiri kwamba umemla. Nimeona "pole" moja ya sauti ya chini ikizima moto ambao walinzi wawili wangeshindwa kuuzima. Na nimeona "kwani pesa zako?" ikiuwasha.

Kuna miiko ya watu ambayo mimi naifuata bila kinyongo. Wapo wasiopenda mtu mpya aingie katikati ya kasha. Wanadai "unakata mtiririko". Hakuna mtiririko, lakini kuuliza "naweza kuingia, wakubwa?" ni bure, na kusubiri dakika chache karata zichanganywe upya ni bure vilevile. Mwingine hataki mtu asimame nyuma yake. Sogea. Mama mmoja alikuwa akiweka leso yake chini ya chipu kila raundi, ilimradi haifuniki karata sisi hatukumgusa. Wengine hushangilia dila akibadilishwa, wanadhani tumetumwa "kuvunja mkono" au kuutengeneza. Ukweli ni kwamba dila hupumzishwa kila baada ya dakika ishirini mpaka arobaini kwa sababu macho yanachoka na makosa yanaingia. Waache washangilie.

Ila mtu akikuambia ucheze vipi pesa yako, hapo kataa. Kwa upole, lakini kataa. Nimeona vijana wengi wanaacha kuzigawa nane mbili ziwe mikono miwili, au wanaogopa kuongeza dau mara mbili wakiwa na 11, kwa kumwogopa babu wa kiti cha kwanza. Hasara hiyo ni yako na hatakurudishia. Kama unajijua una moyo mwepesi, usikalie kiti cha mwisho. Hakina kosa lolote, lakini lawama zote huangukia hapo. Kaa katikati, hakuna anayemkumbuka wa katikati.

Mgomvi akianza kusimama, akikunyooshea kidole usoni au akigusa chipu zako, mchezo umeisha. Usijaribu ushujaa. Inua mkono, mwite msimamizi, ngoja mkono uliopo umalizike kwa sababu dau likishagawiwa karata haliguswi, kisha chukua chako uondoke. Juu ya kila meza kuna kamera, huna haja ya kutafuta shahidi. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ipo kwa malalamiko dhidi ya kasino, kama mtu kanyimwa malipo yake. Ugomvi wa wachezaji wawili humalizwa na msimamizi pale pale. Na kwa wanaocheza meza za kwenye simu, dila wa kwenye video na matusi ya maandishi, funga hayo maandishi. Sina la kuongeza hapo.

Kuna hasira moja ningependa kuiona zaidi. Soma kitambaa cha meza kabla hujakaa. Kuna meza zinazolipa ree na karata ya kumi za mwanzo, yaani 21 ya karata mbili, tatu kwa mbili: umeweka elfu kumi, unapewa elfu kumi na tano. Kuna nyingine zinalipa sita kwa tano: elfu kumi yako inakuletea elfu kumi na mbili tu. Kwenye meza nzuri, ukicheza kwa hesabu, nyumba, yaani kasino, inakukata kama senti hamsini katika kila shilingi mia. Hiyo ya sita kwa tano inaongeza karibu shilingi moja na senti arobaini juu yake. Nimesimama nyuma ya wanaume wanaotaka kumpiga mtoto wa watu kwa karata moja, na kitambaa walichoegemea viwiko kinawanyonya tangu saa mbili usiku, maandishi makubwa, meupe. Hakuna aliyewahi kukipiga kofi kitambaa. Na hata iliyo nzuri bado inakukata. Ukienda na ada ya mtoto au malipo ya korosho ya msimu mzima, nuksi unayo, na hujakaa na mtu yeyote.

Siku ile barazani alikuwepo na jirani yangu, mzee, bingwa wa bao. Alifuatilia mipangilio yote sita kimya, mara nyingine akinisahihisha hesabu kabla sijamaliza. Tulipofika mwisho akakubali: mbili kaharibu, mbili kaokoa, mbili hakuna kitu. Mtoto wa dada yangu alikuwa anacheka, nuksi imemtoka.

"Sawa," mzee akasema. "Lakini usiku ule, yule kijana angetulia, mwenzangu angelipwa?"

"Usiku ule, ndiyo, angelipwa."

"Basi," akasema, akazoa korosho zote zilizokuwa katikati ya mkeka.