Je, wajua kwa nini shanga za suti kuukuu hudondoka mstari mzima kwa mpigo?

Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hapa Kisumu hufurika, mama mmoja wa mitumba alichomoa kwenye rundo koti jeusi la suti ya kike: mabega mapana ya miaka ya 1980, kifua kizima kimenakshiwa shanga za kioo. "Dada, hiyo nitakupunguzia, imetoka shanga kidogo," akaniambia. Karibu na mkono wa kushoto palikuwa na ncha ya uzi, fupi kama kope. Nikaigusa. Shanga nane zikaniangukia kiganjani, moja ikifuata nyingine, likabaki pengo lililonyooka kama mstari wa rula.

Pengo la namna hiyo linakuambia ushonaji wake. Shanga iliyofungwa peke yake kwa sindano hutoka peke yake. Zikitoka kwa msururu, zilishonwa kwa kulabu.

Kitambaa hukazwa kwenye fremu, uso wake ukitazama chini. Shanga zimekwisha kutungwa kwenye uzi mmoja mrefu ulio chini ya kitambaa. Fundi huchoma kulabu nyembamba kutoka juu, hunasa uzi, huuvuta kuwa kitanzi, kisha kitanzi kipya hupitishwa ndani ya kile kilichotangulia. Kila kitanzi hubana shanga yake. Uhindi kazi hii huitwa aari. Mjini Lunéville, Ufaransa, mafundi wa karne ya 19 waliitumia kushonea shanga. Kulabu ina kasi kuliko sindano na huvutia mno kuitazama, ila usalama wake wote uko kwenye fundo la mwisho.

Umewahi kumwona mwenye duka akifungua gunia la sukari la kilo 50? Hashiki kisu. Anatafuta ncha, anavuta, na mdomo wote unafumuka. Ni vitanzi vilevile. Ukivuta ncha ya mwanzo vinakaza. Ya mwisho ikilegea, vyote vinaachia.

Uzi wenyewe hukatwa na nini? Mara nyingi na shanga zenyewe. Zile ndefu za mrija zina kingo kali, na kila mkono ukikunjwa zinasaga uzi. Kisha kuna uzito: kioo ni kizito, na koti likining'inizwa miaka mingi, kitambaa kinavutika na uzi unachoka. Nguo kama hii ilazwe, isitundikwe. Jasho nalo hudhoofisha hariri, ndiyo maana kwapani huanza kuchanika mapema. Sponji ya mabegani ikishakuwa unga wa njano usihangaike nayo, weka mpya.

Kwangu mimi shanga zilizotoka si sababu ya kuikataa nguo. Kitambaa kilichooza ndicho ninachokiogopa, kwa sababu hakishiki sindano tena.

Koti lile nililinunua. Nyumbani nilifumua bitana ya mkono kiasi cha kuingiza vidole viwili, nikakitafuta kitanzi kilichokuwa wazi, nikapitisha uzi ndani yake na kupiga fundo mara mbili. Kumbe hilo ndilo jambo la kwanza kufanya, kabla hata hujajaribu kulivaa koti. Kisha nikazirudisha zile nane kwa sindano, kila moja na fundo lake. Zilizokosekana kifuani nilizitoa chini ya kwapa, mahali ambapo mkono ukishuka hapaonekani.