Kwa nini mbwa wa prairi hukata nyasi asizokula?

Je, wajua kwamba katika nyanda za nyasi za Amerika Kaskazini yuko mnyama mdogo anayefyeka majani kwa meno, kisha anayaacha palepale yanyauke? Ni mbwa wa prairi mwenye mkia mweusi. Jina lisikupoteze: huyu ni kindi wa ardhini, mwenye uzito wa kilo moja hivi, achimbaye mashimo na kuishi na wenzake kwa makundi makubwa, tangu kusini mwa Kanada hadi kaskazini mwa Mexico.

Anafyeka ili aone mbali. Koyote, mnyama wa porini anayefanana na bweha, hunyemelea kwa kujificha, na nyasi ndefu ndizo humfichia. Kwa hiyo mmea mrefu ukisimama karibu na shimo hukatwa, uwe chakula au usiwe, na katika makazi yao ni nadra mimea kupita sentimita 30. Udongo wanaouchimba huurundika mdomoni mwa shimo, na juu ya kichuguu hicho ndiko mlinzi husimama kwa miguu miwili. Mvua ikinyesha, kichuguu huzuia maji yasiingie.

Lakini kuona adui ni jambo moja, kuwaambia wengine ni jingine. John Hoogland, mtafiti aliyeanza kuwachunguza miaka ya 1970 katika Hifadhi ya Taifa ya Wind Cave, South Dakota, aliwapaka alama za rangi nyeusi kwenye manyoya ili amtambue kila mmoja. Kisha akaburuta mbele yao mnyama aliyekufa, aliyekaushwa na kujazwa aonekane kama yu hai, adui wao wa jamii inayofanana na nyegere, akasikiliza nani atapiga ukelele. Wenye ndugu karibu walipiga mara nyingi zaidi kuliko wasio na ndugu. Mimi hapa ndipo paliponikamata, maana anayepiga ukelele anaweza kuwa anamwonyesha adui alipo yeye mwenyewe.

Wafugaji hawakuvutiwa na hayo. Waliona nyasi za ng'ombe zinaliwa, na katika karne ya 20 sumu ilimwagwa mashimoni kwenye maeneo makubwa mno. Ni kweli majani hupungua. Ila yanayochipua upya baada ya kukatwa huwa na protini nyingi, ndiyo maana nyati wa Amerika hupenda kuja kulisha humo.

Yuko adui mmoja ambaye ufyekaji wote huo haumzuii hata kidogo: kicheche wa miguu myeusi. Yeye huwinda usiku, akiwafuata mashimoni wamelala, na karibu chakula chake chote ni wao. Mbwa wa prairi walipouawa kwa sumu na kwa tauni, naye akatoweka, hata ikadhaniwa ameisha duniani. Mwaka 1981, karibu na mji wa Meeteetse, Wyoming, mbwa wa shamba moja alirudi nyumbani na kicheche aliyekufa, na msako uliofuata ukawakuta wengine wakiwa hai, katikati ya makazi ya mbwa wa prairi.