Je, mchezo wa mtandaoni huonyesha urithi kama ulivyokuwa?

Wengi huamini kwamba mchezo wa mtandaoni unaojenga upya mji wa kale humwonyesha mwanafunzi urithi huo kama ulivyokuwa. Imani hiyo inaeleweka, maana picha iliyochorwa kwa ustadi hushawishi. Hata hivyo, watengenezaji hulazimika kufupisha umbali ili mchezaji asichoke, na mahali palipobaki misingi tu, kuta na paa hujengwa kwa makisio.

Chukua sanamu za marumaru za Ugiriki ya kale: zimezoeleka kuonyeshwa zikiwa nyeupe tupu, ilhali wataalamu wamekuta juu yake mabaki ya rangi, nyekundu na buluu zikiwemo. Kosa hilo ni la zamani kuliko michezo yenyewe, lakini mchezo unaweza kulieneza.

Msomaji anaweza kuhakiki mwenyewe. Achague kitu kimoja, kama vazi au chombo, akilinganishe na maelezo ya makumbusho yanayohifadhi vitu vya aina hiyo, akitazama hasa tarehe na mahali kilipopatikana. Naamini zoezi hilo ndilo somo lenyewe. Kwa ngoma, hadithi na mila zilizo hai, awaulize wanaoziendeleza, kwa kuwa wao ndio wanaojua ni hatua ipi iliyorukwa.